Chenga

Kibandani kwangu Newala, nyuma ya soko,
napiga picha za pasipoti, narudufu vyeti,
na jioni, umeme ukiwa na huruma,
natoa chenga.

Chenga za picha za ngoma, zilizopigwa gizani
kwa simu ya kuazima,
nyuso zimenyunyiziwa mchanga wa kijani na mwekundu.
Chenga za sauti: feni, jenereta la jirani,
na huu upepo wetu wa mlimani
usiojua kupiga hodi.
Watu husema, "Toa zote,"
nami hutoa zote. Sijawahi kuuliza.

Somoe Nachingulu alikuja na memori kadi
imefungwa ndani ya noti ya elfu mbili.
"Ni mama. Dakika nne na kitu.
Yuko barazani, mvua inapiga bati,
anataja madeni yake. Simsikii.
Mzee Nankanga anadai mifuko saba ya salfa."

Nikatafuta mahali mama aliponyamaza,
sekunde mbili, mvua tupu,
nikaiambia programu: hii ndiyo kelele, ishike sura yake,
popote utakapoikuta, ing'oe.
Desibeli ishirini na nne.
Nikabonyeza.

Mvua ikakatika kama uzi.
Bati likanyamaza. Mama akabaki peke yake
katika chumba kisicho na kuta,
sauti imelowa, kama anaongea toka ndani ya mtungi:
"Mifuko 'ita ya 'alfa, 'Omoe. U'i'ahau."

Nikarudisha nyuma.
"Mifuko 'ita."
Ita nani?

Ndipo nilipoielewa kazi yangu, mwaka wa tisa nikiifanya:
s ni upepo mwembamba upitao kati ya meno,
na sh ni manyunyu.
Programu haina mama. Ilijifunza sura ya mvua,
ikaikuta hata mdomoni mwake,
ikang'oa na mzizi.

Kuna kitufe kingine, sikigusi mara nyingi:
masalio. Hukusikilizisha kile tu kilichotolewa,
kama mtu anayekufungulia jaa.
Nikamvisha Somoe hedifoni.
Mvua. Mvua juu ya bati. Na ndani ya mvua,
bila neno, bila irabu hata moja,
sss
sss, shh
s zote za mama yake zimerundikwa huko.
Alisikiliza mikono imekibana kiti.
"Hapo," akasema. "Hapo ananiita."
Mimi sikusikia jina lolote.
Yeye alipewa herufi moja, ikamtosha.

Tukashuka hadi tisa. Mvua ikarudi kwa adabu,
ikakaa pembeni kama mgeni aliyechelewa msibani.
"Mifuko sita ya salfa, Somoe. Sita. Usisahau.
Na sufuria ya mke wa Chilumba, irudishwe."

Habari ya sufuria hakuna aliyekuwa nayo.
Somoe akacheka, akaacha kucheka.
"Lile kubwa," akasema, "tunalipikia mpaka leo."

Akachukua faili zote mbili, safi na taka.
Ya pili nilitaka kuiandika masalio, akanikataza.
"Iite mvua."

Jioni akaja kijana mmoja, Likwata,
na picha ya harusi ya dada yake,
imejaa chenga hadi kwenye meno ya bibi harusi.
"Toa zote," akasema, anaangalia saa.
Nikamvutia kiti.
"Kaa kwanza. Nionyeshe
kitu gani humu hutaki kipotee."